Upimaji wa mashamba kwa simu haufundishwi ukumbini

KWA wakulima wengi wa Tanzania, ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Ndivyo mashamba yanavyouzwa, yanavyokodishwa na yanavyolimwa kwa trekta. Watu wakishakubaliana bei, hubaki swali moja dogo ambalo limeharibu undugu mwingi: hatua za nani?

Kipimo chenyewe hakikubuniwa ovyo. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, tofauti ndogo isiyomuumiza mtu. Tatizo ni mguu. Yadi moja ni sentimeta 91, na hatua ya urefu huo anaifikia mtu mrefu anayetanua miguu kwa makusudi. Mtu wa kawaida anayekatiza matuta huenda sentimeta 75 hivi kwa hatua. Mraba wa hatua 70 za namna hiyo una mita za mraba 2,756 tu, wakati ekari kamili ina mita za mraba 4,047. Hiyo ni kama theluthi mbili. Mkulima aliyelimiwa na trekta kwa hatua hizo, katika kila ekari tatu alizolipia, moja haipo. Mbolea aliyoshauriwa kuweka mfuko mmoja kwa ekari ameimaliza yote kwenye theluthi mbili. Wapo pia wanaohesabu mita 70 kwa 70 badala ya hatua, na hao hupata mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na zaidi ya moja ya tano. Hapo anayelia ni mwenye trekta, au mjane aliyeuza kipande cha shamba akidhani ameuza ekari moja.

Hesabu hii inamgusa pia mwenye duka la pembejeo. Mteja anauliza anunue mbegu kilo ngapi, muuzaji naye anamuuliza ana ekari ngapi, na jibu linalotoka ni ekari za mguu wa babu yake. Tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya mbolea kwa mfumo wa kidijitali, mkulima huandikishwa pamoja na ukubwa wa shamba lake. Ukubwa uliokosewa ukiingia kwenye kompyuta unakaa humo, na kompyuta haina desturi ya kuuliza hatua za nani.

Kwa hiyo inapoelezwa kwamba simu ya mkononi yenye GPS inaweza kupima shamba kwa dakika chache, mkulima ana kila sababu ya kufurahi. Programu zipo, nyingine za bure kama QField, ambazo hufanya kazi hata pasipo mtandao na kuhamishia taarifa kwenye kompyuta baadaye. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huielewa programu ya aina hiyo katika asubuhi moja. Na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kwa vile simu imeeleweka asubuhi moja, hudhaniwa kwamba na upimaji umeeleweka. Vijana huitwa ukumbini wilayani, huonyeshwa picha ukutani kwa siku nne, hupewa chai, posho na cheti, na siku ya mwisho hutolewa nje wakauzunguke uwanja wa mpira. Kisha huambiwa waende vijijini wakapime.

Uwanja wa mpira una kona nne zinazoonekana, una chokaa, na hakuna anayeudai. Shamba la kijijini halina hata moja kati ya hayo.

Chukua mfano wa shamba la urithi lililoko mteremkoni. Upande mmoja mpaka ni mstari wa mkonge, uliofifia katikati. Upande wa pili ulikuwapo mti mkubwa, ukakatwa, na kisiki chake wanakikumbuka wazee wawili ambao hawakumbuki mahali pamoja. Upande wa tatu ni njia ya ng'ombe inayosogea kila mvua zinapochimba korongo. Upande wa nne ni kijito. Kijana aliyekwenda peke yake na simu atamfuata mwenye shamba anakoongoza, na atabonyeza pale anapoambiwa abonyeze. Atarudi na ramani nzuri sana ya madai ya mtu mmoja.

Simu hupima mahali iliposimama. Haijui kama hapo ni mpakani. Anayejua ni jirani, na jirani hapatikani ukumbini.

Kwa sababu hiyo kazi hii haina budi kuwa ya kundi. Watu wanne wanatosha: mmoja ashike simu, wa pili ashike daftari na fomu, wa tatu awe na panga la kufyekea na atangulie kusimama kwenye kona inayofuata, na wa nne awe mjumbe wa kamati ya uhakiki ya kijiji au mzee wa kitongoji anayeheshimika. Nyuma yao watembee mwenye shamba na majirani wote wanaopakana naye. Kila kona wasimame pamoja, majirani wakubaliane kwa sauti, ndipo mshika simu abonyeze. Ni kazi ya polepole, na siku ya kwanza kundi linaweza kumaliza mashamba matatu tu. Hilo lisimtie mtu hofu, kwa kuwa mwendo huja wenyewe.

Jambo moja ambalo makundi mengi hulipuuza ni kubadilishana zamu. Kijana mjanja wa simu huachiwa simu wiki nzima, na wenzake wanageuka wabeba panga. Akiugua, kazi imesimama. Mbaya zaidi, hakuna mwenye uwezo wa kumsahihisha. Mwandishi wa daftari ambaye jana alishika simu ndiye atakayemwambia mwenzake, "Umebonyeza haraka, namba haijatulia." Sahihisho la namna hiyo, linalotolewa papo hapo na mtu wa rika lako mbele ya mwenye shamba, linafundisha kuliko kitabu cha mwongozo.

Kutulia kwa namba ni somo lenyewe. Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita tano hivi. Kwa anayetafuta duka mjini, mita tano si kitu. Kwenye shamba la ekari moja lenye upande wa mita 64, mpaka ukisogea mita tano zinaondoka mita za mraba 320, ambazo ni asilimia 8 ya shamba. Kwa mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, ni mashina zaidi ya 1,400. Watu wamekatana mapanga kwa mashina machache kuliko hayo. Kijana lazima ajifunze kusimama, kusubiri setilaiti nyingi zaidi zishike, kurudia kipimo cha kona ileile na kulinganisha. Ajifunze kwamba chini ya mwembe au pembeni ya bati simu hudanganya, na kwamba kona iliyo chini ya mwembe hupimwa kwa kusimama peupe na kumalizia kwa utepe wa mita 50. Maneno haya yakisemwa ukumbini yanasikika kama tahadhari za kawaida. Yanaaminika pale kijana anapopima kona moja asubuhi, akairudia mchana, na kuona nukta mbili zimeachana kwa upana wa nyumba.

Yapo makosa mengine ambayo hayaonekani kabisa mpaka ramani ifunguliwe. Aliyeruka kona ya tatu na kuirudia baada ya ya nne hupata shamba lililojikunja kama tai ya shingoni, na eneo lake linatoka la ajabu. Wawili waliopima mashamba yanayopakana kwa siku tofauti, kila mmoja akachora mpaka wake, huacha kati yao ukanda mwembamba usio na mwenyewe, au ukanda wenye wenyewe wawili. Huo ukanda ndio kesi ya mwaka kesho. Mpaka wa pamoja hupimwa mara moja, na mashamba yote mawili hutumia mstari huo huo.

Halafu kuna mtego wa ramani za zamani. Ramani nyingi za serikali zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia mfumo wa WGS 84. Anayechanganya mifumo hiyo miwili bila kubadilisha namba atashangaa kijiji kizima kimehama kwa mita 300 hivi. Tena Tanzania imekatwa katika kanda tatu za ramani, ya 35, ya 36 na ya 37, na mstari unaotenganisha mbili za mwisho unapita mashariki kidogo ya mji wa Dodoma. Dodoma mjini ni kanda ya 36, Morogoro ni ya 37. Shamba la Morogoro likisomwa kwa kanda ya 36 linaonekana huko Katavi, zaidi ya kilomita 600 kutoka lilipo. Kosa kubwa namna hiyo hucheka nalo kila mtu na kulirekebisha. La mita 300 ndilo la hatari, maana linaweza kupita.

Dawa ya yote haya ni jioni. Kundi likirudi, kompyuta mpakato ifunguliwe, mashamba ya siku hiyo yawekwe juu ya picha ya setilaiti, na kila mtu atazame. Mwenye panga ataona kwamba mstari umekatiza zizi ambalo anajua halikukatizwa. Mzee atauliza kisima kiko wapi. Halmashauri inayoandaa mafunzo ya siku tano ingefanya vyema kutumia nusu siku ukumbini na siku nne na nusu shambani, na ile fedha ya ukumbi inunulie betri za akiba, utepe na mafuta ya pikipiki ya kumfikisha mpima wa wilaya kijijini kila jioni.

Kwamba vijana wa kijijini wanaiweza kazi hii si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 2014, katika kijiji cha Ilalasimba wilayani Iringa, vijana wa hapo hapo walifundishwa kurekodi mipaka na majina ya wamiliki kwa simu, katika mradi uliojulikana kwa kifupi MAST, uliofadhiliwa na Shirika la Misaada ya Maendeleo la Marekani, USAID. Wananchi kwanza walielezwa sheria kwenye mikutano, kisha vijana wakatembea mipakani pamoja na wenye mashamba, na taarifa zikaenda ofisi ya ardhi ya wilaya ambako hati za kimila ziliandaliwa. Baadaye utaratibu huo ulipanuliwa kwenda vijiji vingine vya Iringa. Mjini nako, miaka mitatu kabla ya hapo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale jijini Dar es Salaam walikuwa wamechora ramani ya kata hiyo kwa kutembea uchochoro kwa uchochoro na vifaa vya GPS. Wanafunzi walikuja na ufundi, wakazi wakajua mfereji unapita chini ya nyumba ya nani.

Wapo wapima wenye leseni wanaonuna wanaposikia habari hizi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wamesoma miaka mingi, huko Chuo Kikuu Ardhi au kwenye vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora, na vifaa vyao vya kisasa, kimoja kikisimama penye nukta inayojulikana na kingine kikitembea, hutoa kipimo cha sentimeta. Kiwanja cha mjini, au shamba la hatimiliki linalowekewa mawe ya mipaka, ni kazi yao na ibaki yao. Lakini vijiji vya Tanzania ni zaidi ya 12,000, na kusubiri mpima mwenye leseni apite kila shamba ni sawa na kuwaambia wakulima wasubiri wajukuu. Kwa hati ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kinachotakiwa kwanza ni mpaka uliokubaliwa na majirani, kuidhinishwa na halmashauri ya kijiji, na kupitia ofisi ya ardhi ya wilaya. Vijana hufanya kazi ya miguu, mtaalamu hukagua na kukataa kinachostahili kukataliwa. Mpima anayewafundisha vijana ishirini huku akitembea nao amepata jeshi. Anayewakataa anabaki na mafaili yake.

Kutembea mpaka kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye mtaala wowote. Maswali yanayojificha kwenye fomu hutoka hadharani. Sheria ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji, lakini fomu ikijazwa kwenye ofisi ya mtendaji huandikwa jina la aliyekuja, na aliyekuja ni mume. Shambani mambo ni mengine. Mke ndiye anayejua kona, kwa kuwa ndiye anayepalilia mpaka huko. Msichana aliye kwenye kundi akiuliza, mbele ya majirani wote, "Na jina la mama tuliandikeje?", ni wanaume wachache watakaosema lisiandikwe. Wakati mzuri wa kuuliza ni huo. Baada ya hati kuchapishwa inakuwa ni kesi. Kundi la wanaume watupu huwa halikumbuki kuuliza, ndiyo maana wasichana wapewe nafasi nusu kwa nusu tangu siku ya kuchagua vijana.

Vinyungu navyo huibuka hapo hapo. Wakulima wa Iringa wanaolima mabondeni wakati wa kiangazi wanafahamu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kundi likifika kijitoni linakuta kabichi za mtu. Kijana wa miaka 22 mwenye simu hana mamlaka ya kumwambia mzee huyo aondoke, wala hatakiwi kujifanya hakuona. Aandike kilichopo, apime ukingo, na suala liende kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Kujua wapi kazi yako inaishia ni sehemu ya ufundi, na kijana hulijua pale mzee wa kundi anapomgusa bega na kumwambia aache. Ubishi wa mpaka ukishindikana kuamuliwa papo hapo, shamba hilo lirukwe na shauri lipelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Kundi linalolazimisha kumaliza mashamba yote ili hesabu ya mradi itimie linapanda ugomvi na kuugongea muhuri.

Sasa fedha. USAID ilifungwa na serikali ya nchi yake mwaka 2025, na wafadhili wengine nao huja na kuondoka. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulioidhinishwa Desemba 2021 kwa ajili ya mradi wa usalama wa milki za ardhi, nao una mwisho wake. Kijiji kilichopimwa na watu waliokuja na magari hubaki na makaratasi. Kijiji kilichopimwa na watoto wake hubaki na watu wanne au wanane wanaoweza kupima tena, na kazi ya kupima tena haikosekani: baba hugawa shamba, mtu huuza nusu, mwingine hukodisha ekari mbili kwa mfanyabiashara wa vitunguu. Bila marekebisho, ramani ya leo inakuwa uongo kabla ya miaka kumi kwisha.

Vijana hao wana soko hata nje ya hati. Mwenye trekta na mkulima wanaweza kumlipa kijana apime kabla ya jembe kushuka, kila mmoja akichangia nusu. Chama cha ushirika kinachokopesha pembejeo kwa ekari kinaokoa fedha nyingi kikijua ekari ni ngapi kweli. Muuza pembejeo naye anaweza kumweka kijana mwenye simu karibu na kaunta yake msimu wa kupanda. Bei wapange wenyewe, mradi ijulikane na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji ili asitokee dalali wa vipimo.

Vijiji vinavyotaka kuanza vina nafasi nzuri kati ya Julai na Oktoba kwa mikoa ya nyanda za juu kusini, mahindi yakiwa yametoka shambani na kona zinaonekana. Wakingoja Januari watapima ndani ya mahindi marefu, kila mtu akimwita mwenzake bila kumwona. Mkutano mkuu wa kijiji unaotangulia kipindi hicho uwachague vijana kwa majina, na uwachague wale wenye mashamba au wazazi kijijini, maana aliye safarini kwenda mjini atakwenda na ujuzi wake. Mkutano huo uamue pia nani atakaa na simu, nani atatunza nakala ya ramani kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, na ni shilingi ngapi kutoka kwenye ada ya kila shamba linalouzwa au kugawanywa zitaenda kwa kundi litakalotembea tena mpaka huo pamoja na majirani.